Kigari chetu kinapiga zigizaga tukiongeza spidi

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi na wenzangu hapa chuoni Mbeya tunaunda kigari cha kujiendesha, njia tumeshaichora kwenye kompyuta na GPS tumefunga, kikienda taratibu kinafuata mstari safi kabisa ila tukiongeza spidi kinaanza kuyumba huku na huku hata palipo nyooka. Wenzangu wanataka tununue GPS ya bei kubwa zaidi, unatushaurije?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hiyo pesa itunzeni kwanza, maana GPS ingekuwa ndo mbovu ingewasumbua hata mkienda taratibu. Mimi nahisi programu yenu inakata usukani kwa kiasi kile kile spidi yoyote ile, na gari likiwa kwenye kasi ukikata kidogo tu limeshahama, linapita mstari, linarudishwa linapita tena upande wa pili. Dereva wa basi akiwa highway anaugusa tu usukani, akiingia stendi ndo anauzungusha mpaka mwisho.

Someni kuhusu Stanley, ile Volkswagen Touareg ya Chuo Kikuu cha Stanford, timu ya Sebastian Thrun, iliyoshinda mashindano ya DARPA (shirika la utafiti la wizara ya ulinzi ya Marekani) ya 2005 kule jangwa la Mojave, Marekani, kilomita kama 212 chini ya saa 7 bila dereva, na mwaka wa nyuma yake hakuna gari hata moja lililomaliza! Fomula yake ya usukani ni fupi na naipenda sana: chukua tofauti ya pembe kati ya gari linakoelekea na njia inakoelekea, halafu pima tairi za mbele ziko umbali gani kutoka kwenye mstari, zidisha kwa namba mnayochagua wenyewe, gawanya kwa spidi, tafuta kinyume cha tanjenti, jumlisha na ile pembe ya kwanza. Huko kugawanya kwa spidi ndo dawa yenu. Ila ongezeni kinamba kidogo kwenye spidi, la sivyo gari likikaribia kusimama usukani utapagawa.

Kama mnatumia njia ile ya kulenga nukta iliyo mbele, isogezeni mbali kadiri spidi inavyopanda, msizidishe tu maana litaanza kukata kona kwa ndani.

Kingine ni mota ya stelingi. Linyanyueni gari, toeni amri ya kukata, rekodini na simu muone tairi zinachelewa kiasi gani, maana ucheleweshaji nao unaleta kuyumba hata fomula ikiwa sahihi. Nitumieni hiyo video na spidi mnayokimbizia, nitawajibu toleo lijalo.