Unaposema Una Majukumu, Taja Ni Yapi

Katika salamu za watu wazima, hasa nchini Tanzania, "pole na majukumu" imekaribia kuzoeleka kama "habari za kazi". Anayeitoa hajui una majukumu gani, wala haulizi. Anatambua tu kwamba yapo mambo yanayokutegemea na kwamba kuyabeba kunachosha. Naipenda salamu hiyo kwa huruma iliyomo. Hata hivyo, upana huohuo unaolifanya neno majukumu lifae katika salamu ndio unaozaa ugomvi linapoingia kwenye barua ya kazi, katiba ya kikundi au kikao cha familia, ambako kila anayelisikia huondoka na maana yake. Kwa muda mrefu nimeandika kumbukumbu za vikao na kuhariri nyaraka za vyama vya kusaidiana, na ushauri ninaoutoa hapa umetokana na kazi hiyo: jukumu litajwe kwa jina, pamoja na mtu anayelibeba.

Jambo la kwanza ninalowaomba wanaoandaa nyaraka hizo ni kutenganisha jukumu na wajibu, maneno ambayo wengi huyaandika sambamba kana kwamba la pili ni pambo la la kwanza. Tazama vitenzi vinavyoambatana nayo. Jukumu hupewa mtu, hukabidhiwa, hugawanywa, huongezwa, hupunguzwa, na mtu anaweza kuondolewa majukumu yake asubuhi akapangiwa mengine jioni. Linafuata cheo au makubaliano. Wajibu, ambalo asili yake ni Kiarabu, lina uzito wa jambo lisilokwepeka: mzazi hapewi wajibu wa kumlea mwanawe na kikao chochote, na hakuna kikao kinachoweza kumwondolea. Mweka hazina akiondoka madarakani, jukumu la kutunza daftari la fedha linahamia kwa mwingine, lakini wajibu wa kuwa mwaminifu alikuwa nao kabla hajachaguliwa na ataendelea kuwa nao baadaye.

Ndiyo maana wajibu huzoeleka kutajwa pamoja na haki. Sehemu ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 iliyoingizwa kwa marekebisho ya mwaka 1984 inaitwa "Haki na Wajibu Muhimu", na ndani yake, katika ibara ya 25 hadi ya 28, yamo mambo kama kufanya kazi, kutii sheria, kulinda mali ya umma na kulinda taifa. Hayo hayamhusu mwenye cheo peke yake; yanamhusu kila mtu. Waislamu wanalo pia neno faradhi, na ndani yake wanatofautisha faradhi ya kila mmoja na faradhi kifaya, yaani ile ambayo wakiitekeleza baadhi ya watu, kama sala ya jeneza, wengine huwa wametolewa lawamani, lakini isipotekelezwa na yeyote lawama huwaangukia wote. Kwa maoni yangu, wanachama wa kikundi chochote wangefaidika kujiuliza swali hilohilo juu ya kila kazi yao: je, hii inamhusu kila mmoja, au inatosha afanye mmoja wetu? Na kama inatosha mmoja, ni nani?

Swali hilo la mwisho ndilo linalopotea zaidi katika maandishi, na sarufi yetu yenyewe hulisaidia kupotea. Kauli ya kutendwa ni nyepesi mno katika Kiswahili. "Michango itakusanywa kila mwisho wa mwezi, taarifa itaandaliwa na wanachama watajulishwa" ni sentensi safi, inasomeka vizuri, tena ina sauti ya kiofisi, lakini haina mtu hata mmoja anayefanya kazi. Mwezi ukiisha bila michango kukusanywa, kila mmoja atamtazama mwenzake kwa haki kabisa. Ninapohariri, hugeuza kila kitenzi cha namna hiyo kiwe cha kutenda: mweka hazina atakusanya, katibu ataandaa, mwenyekiti atawajulisha. Mara nyingi ni katika kugeuza huko wahusika hugundua kwamba hawajawahi kukubaliana ni nani afanye nini, na mjadala uliopaswa kufanyika tangu mwanzo hufanyika hapohapo.

Kuna pia kitenzi "kuhakikisha", ambacho hujaa katika orodha za majukumu kuliko kitenzi kingine chochote ninachokifahamu. Kuhakikisha usafi unadumishwa, kuhakikisha kumbukumbu zinatunzwa, kuhakikisha wageni wanapokelewa. Je, mtumishi huyo anafagia au anasimamia wanaofagia? Anaandika kumbukumbu au anakagua zilizoandikwa na mwingine? Mwajiri humdai la kwanza, mtumishi hujitetea kwa la pili, na wote wawili wana hoja. Nashauri kitenzi hicho kitumike pale tu kazi inapokuwa kweli ni ya kusimamia, na kwingine kote paandikwe tendo lenyewe: kufagia, kuandika, kupokea, kuhesabu, kupeleka. "Kuratibu" na "kufuatilia" vinastahili tahadhari hiyohiyo, kwa kuwa mtu anaweza kufuatilia jambo mwaka mzima bila kulimaliza na bado akawa ametimiza kilichoandikwa.

Ukishataja tendo na mtendaji, taja mamlaka. Jukumu lisilo na mamlaka ni mzigo usio na mpini. Nimeona katibu akilaumiwa kwa kuchelewesha barua ambazo hakuruhusiwa kuzisaini, na msimamizi wa ghala akidaiwa upotevu wa mali ilhali funguo zilikuwa kwa watu wengine pia. Kabla ya kulikubali jukumu lolote, uliza kwa upole lakini kwa uwazi: nitaamua nini bila kuomba ruhusa, nitatumia kiasi gani, na nitamwagiza nani? Huo si ujeuri wala si kuikwepa kazi, bali ni kuilinda, kwa sababu anayekukabidhi jukumu bila kukupa nyenzo atakudai matokeo kama mtu aliyekupa vyote.

Hapo ndipo linapoingia neno kuwajibika. Kwa kuwa limetokana na wajibu, lina maana ya kubeba dhamana ya jambo na kulitolea maelezo. Lakini katika siasa limepata maana ya pili, ile ya kujiuzulu, ndiyo maana kiongozi akiambiwa "awajibike", wasikilizaji huelewa kwamba anatakiwa aachie ngazi. Kuwajibishwa nako kumekuwa karibu sawa na kuadhibiwa. Matokeo yake ni kwamba watu huogopa kuambiwa wanawajibika, ilhali maana ya msingi ni njema na ya lazima. Katika barua ya kazi, mfano mzuri wa kuigwa ni namna ibara ya 53 ya Katiba ya Tanzania inavyomweka Waziri Mkuu chini ya Rais: imetajwa anawajibika kwa nani, na kuhusu nini. Andika vivyo hivyo: "Mhasibu atawajibika kwa meneja kuhusu matumizi ya fedha za ofisi." Ukiishia kuandika "atawajibika kwa fedha za ofisi", msomaji mmoja ataelewa atazitunza, mwingine ataelewa atazilipa zikipotea.

Kukasimu nako kuelezwe ipasavyo. Meneja anaweza kumkasimia msaidizi wake jukumu la kukagua malipo, lakini hasara ikitokea, yeye mwenyewe ndiye ataendelea kuulizwa na waliomweka. Aliyekasimiwa anawajibika kwa aliyemkasimia. Aliyekasimu anawajibika kwa waliomwamini. Hakuna anayevuka ngazi kwa kusema "kazi hiyo nilishampa mtu".

Kwa ufupi, tahadhari moja ya tahajia: kutekeleza majukumu ni kuyafanya hadi yakamilike, na kutelekeza ni kuyatupa. Herufi mbili zikibadilishana nafasi, barua ya pongezi hugeuka kuwa barua ya mashtaka, na kikagua tahajia cha kompyuta hakitakuokoa kwa kuwa maneno yote mawili ni sahihi. Soma neno hilo kwa sauti kabla hujatuma.

Nyumbani, majukumu ni neno la heshima na mara nyingine ni ukuta. "Ana majukumu" humsitiri ndugu asiyefika kwenye mazishi, asiyechangia matibabu ya mzazi, au asiyepiga simu kwa muda mrefu, na huenda kweli anasomesha watoto wa marehemu kaka yake bila mtu mwingine kujua. Neno hilo likibaki hivyo lilivyo, wanaomlaumu na wanaomtetea watabishana bila kufika popote. Ninapoombwa ushauri na familia zilizofikia hatua hiyo, huwasihi wakae na kila mmoja ataje anachokibeba: ada ya nani, kodi ya nani, dawa za nani, na nani analala hospitalini usiku. Ambaye hana fedha lakini ndiye anayemwogesha mgonjwa naye atajwe, maana kazi hiyo huwa haiingii kwenye hesabu za kikao. Orodha ya namna hiyo husikika kama masimango ikitolewa kwa hasira, kwa hiyo ni vyema aanze mkubwa, aanze na yake, na asimhukumu yeyote kabla wote hawajamaliza kusema.

Na siku ya kuondoka kwenye nafasi yoyote, iwe ya ajira au ya kujitolea, usikabidhi majukumu kwa maneno ya mdomo. Andika yaliyokamilika, yaliyo njiani na yamefikia wapi, ahadi ulizotoa kwa niaba ya nafasi hiyo, tarehe zinazokaribia, na mahali zilipo funguo, mihuri na nywila. Anayepokea asaini baada ya kuvikagua vitu hivyo mwenyewe, wewe ukiwa bado upo wa kuulizwa.