Anza na mkia, injini iache kwanza

Mkuu, umeuliza uanze na mabawa au mkia maana maboksi yote mawili ya RV-7, ile ndege ndogo ya kujiundia mwenyewe, yameshatua gereji. Anza na mkia bwana. Ni mdogo, unatosha juu ya meza, na ukiharibu bati moja la usukani wa mkia unaagiza lingine bila kulia, sasa jaribu kuharibu mhimili wa bawa uone. Mimi bati la kwanza ribiti (vile vipini vya kuunganisha mabati) tatu zililala upande kama zimegongwa na fundi mlevi, nikazitoa kwa drili, matundu yakapanuka, bati likawa pambo la ukutani. Mkono ukishazoea ndo uende mabawa, halafu bodi.

Ila wengi hawakwami kwenye mpangilio huo mkubwa, wanakwama kwenye ule wa ndani. Kabla hujafunga sehemu yoyote jiulize, mkono utafika tena hapa? Praima (rangi ya chini ya kuzuia kutu), nyaya, bomba za breki, vyote vitangulie. Lile bati la juu mbele ya kioo usiligongee ribiti mapema, lishikize na kleko (vibanio vya muda) tu mpaka nyaya za dashibodi ziishe, la sivyo utalala chali humo ndani kichwa kwenye pedali ukitafuta waya mmoja kwa tochi ya simu. Matangi ya mafuta nayo yajaze hewa kidogo sana, paka maji ya sabuni uangalie mapovu kabla hujayafunga kwenye bawa.

Injini na skrini za dashibodi nunua mwisho kabisa, injini ikikaa tu stoo inashika kutu ndani na skrini zinapitwa na wakati. Ila foleni ya kuagiza injini ulizia mapema, inaweza kuwa ndefu.