Elfu kumi haifiki jioni

*Shangazi, shikamoo. Naishi Makorora, hapa Tanga, na nina watoto watatu. Mume wangu ni bodaboda, kila asubuhi ananiachia elfu kumi ya matumizi. Jioni haijafika imekwisha, naandikwa kwenye daftari la dukani. Maandazi na vitumbua vya asubuhi peke yake ni 2,500. Mume anasema mkono wangu umetoboka, na wifi yangu anamuunga mkono. Mwezi ujao napokea mchezo, laki na nusu, nilitaka kubadilisha mapazia. Nibane wapi?*
*Mama Watatu*

Marahaba, mwanangu.

Mkono wako sijauona tundu. Ninachokiona ni mafuta ya kupimiwa, sukari ya robo, sabuni ya kipande na mkaa wa kopo. Mwenye duka akifungua dumu na kuwapimia watu, faida yake imo katika kila kipimo, nawe unamlipa faida hiyo kila siku ya Mungu. Mapazia yasubiri.

Laki na nusu ikishatua mkononi, nenda nayo moja kwa moja soko la Mgandini kabla ndugu hawajasikia. Nunua vitu vikavu vya mwezi: unga wa ngano na wa sembe, mchele, maharage, sukari, mafuta ya dumu, mche mzima wa sabuni. Mkaa wa gunia hautaenea safari hii, uache duru ya pili. Tangu siku hiyo elfu kumi ya mumeo ni ya mboga, nyanya, nazi na mkaa tu. Kila siku tia 5,000 kwenye kibubu kabla hujatoka kwenda sokoni, maana ukisubiri kitakachobaki, hakibaki. Siku thelathini, laki na nusu imerudi, unanunua tena. Siku bodaboda imelala, tia hata elfu mbili.

Jihadhari na jambo moja: ndoo ikijaa unga, mkono hulegea na majirani hujua njia. Pima cha wiki, kiweke jikoni, kingine kaa nacho chumbani. Na daftari la dukani lifunge, hata kama itabidi ulipe deni kidogo kidogo.

Sasa hayo maandazi. 2,500 kwa siku ni 75,000 kwa mwezi, nusu ya mchezo wako. Unga utakuwa nao ndani, kanda usiku, choma alfajiri. Sikwambii kila siku, kwani nawe ni binadamu. Siku nyingine muhogo wa kuchemsha unatosha na chai.

Maharage yaloweke usiku, yataiva upesi na mkaa utapungua. Samaki wa soko la Deep Sea ni rahisi kuliko wa mtaani, lakini usipande pikipiki kufuata vibua vya elfu mbili, labda mumeo akupitishe. Nazi siigusi. Mtu wa Tanga umwambie aache nazi, mtaelewana?

Kama umepanga na mnachangia mita moja ya umeme ya LUKU, nayo iko kwenye daraja la matumizi madogo, jueni kwamba bei nafuu ya shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi, huishia uniti 75 kwa mwezi. Zaidi ya hapo ni 350. Nyumba ya wapangaji wengi huvuka mapema, basi nguo pigeni pasi mara moja kwa wiki. Ile kodi ya jengo inayokatwa humo tangu 2021 ni ya mwenye nyumba. Mwambieni kwa adabu aitoe kwenye pango.

Mumeo mweleze mpango huu akiwa ameshiba, na umuonyeshe kibubu kilipo ili asidhani unamficha. Maziwa ya watoto msiyapunguze. Kama lazima kitu kipungue, kianzie kwenye soda na vocha zake.

Wifi naye, siku akija, mpe hiyo elfu kumi asubuhi, aende sokoni yeye na awapikie hadi usiku.