Tochi ya kuzamia usiku ziwani: nilianza na lumeni 10,000 nikaambulia ukuta wa kijani

Niaje wakuu. Tangu washkaji wajue kwamba huwa nazama usiku huku Mwanza, Ziwa Victoria, swali limekuwa ni lile lile, ninunue tochi gani, na wengi kabla hujawajibu wanaongeza "kuna moja nimeiona ina lumeni kibao", yaani kile kipimo cha wingi wa mwanga. Ngoja niwape ya kwangu basi, maana hiyo ada mimi nishailipa.

Kozi nilisomea Zanzibar, na kule maji yanaonyesha bwana, usiku unamulika pweza yuko mbali huko na unamwona kabisa anavyobadili rangi. Kwa hiyo narudi nyumbani kichwani nina picha ya Zanzibar. Nikaagiza tochi moja nene kama kopo la maziwa ya unga, boksi limeandikwa lumeni 10,000, mwanga unatawanyika nyuzi 120, zile wanazotumia watu wa video. Nikiwasha uani mtaa mzima unajua. Tukatoka jioni na mtumbwi wa mzee mmoja wa Igombe, mimi na mwenzangu, tukatia nanga karibu na mawe, giza lilipoingia vizuri tukashuka. Mita 4 hivi nikawasha. Wakuu, ukuta! Kijani kitupu, kinang'aa, kinanirudia machoni, saa ya mkononi siisomi, mkono wenyewe naona nusu. Mwenzangu alikuwa na kitochi chembamba cha zamani, lumeni kama 700 tu, kamwanga kamenyooka kama rula, na yeye ndo alikuwa anaona mawe, mimi nimemshika pezi namfuata kama kipofu. Tulipopanda mzee anacheka hadi mtumbwi unayumba, "Mwanangu, mi nilidhani mwezi umeangukia majini."

Sasa ishu iko hivi. Maji yetu yamejaa mwani na vumbi la udongo, hasa huku kwenye ghuba ambako mito na mitaro ya mji inamwaga kila kitu, na kila kachembe kanarudisha mwanga kwako kama kakioo. Kama umewahi kuendesha gari Njombe asubuhi kwenye ukungu unajua ukiwasha fulu unazidi kupotea. Ni kitu kile kile. Mwanga mpana unamulika chembe zote zilizo kati yako na jiwe, mwembamba unamulika chache tu halafu unafika. Ndo maana kwa ziwa hili mimi la kwanza naangalia nyuzi, lumeni baadaye, na sishuki na tochi kubwa yenye zaidi ya nyuzi 10. Lumeni 800 hadi 1,000 zikiwa zimebanwa hivyo zinanitosha kabisa. Na usivae tochi ya kichwani, najua inaacha mikono huru lakini mwanga unatokea pale pale macho yalipo kwa hiyo uchafu wote unang'aa mbele yako, nyoosha mkono pembeni umulike kwa ubavu uone tofauti. Kuna siku hata hivyo haisaidii, maji yamevurugwa na upepo huoni mita 1, siku hiyo rudini mkale sato.

Halafu hizo namba za kwenye boksi. Lumeni wanayoandika mara nyingi ni ya dakika za mwanzo, tochi ikipata moto inajishusha yenyewe. Betri ndo balaa zaidi, hizi za lithiamu za saizi ya 18650 ukiona imeandikwa mAh 9900 (kiasi cha umeme inachobeba) ujue unapigwa, za ukweli nyingi haziendi mbali zaidi ya 3500 hivi. Mimi nilinunua mbili kibandani mjini, zinawaka vizuri, nikashuka nazo, dakika ya 20 na kitu tochi ikaanza kupepesa halafu kimya. Kesho yake nikazipeleka kwa sonara mmoja jamaa yangu, mji wa dhahabu huu mizani haikosekani, tukazipima, moja gramu 31. Ya ukweli inacheza kwenye 45 na kidogo. Tangu hapo betri nanunua kwa kupima kama naenda kununua pete.

Kuingia maji. Hapa naomba tuelewane, tochi ya IP67 ni ya mvua, hiyo alama maana yake imepimwa mita 1 kwa dakika 30 basi, haijaahidi kingine. Unataka iliyoandikwa kina chake kwa mita, na iwe imezidi unakoenda. Kila mita 10 zinaongeza mgandamizo karibu sawa na wa hewa yote iliyo juu yetu, na maji hayana aibu, yakipata upenyo wa unywele yanaingia. Kweli kabisa unywele. Tochi yangu ya pili ilikufa kwa chembe moja ya mchanga, nilibadilisha betri nikiwa nimekaa ufukweni kama mjinga, ile oringi nyeusi, kale kapete ka mpira kanakozuia maji, ikabeba chembe, nikafunga nikashuka. Nilichokiona ni tone moja linatembea ndani ya kioo, taratibu, kama jasho, halafu mwanga ukawa wa njano, ukazima. Siku hizi betri nabadilisha nyumbani mezani, oringi naitoa, naipitisha katikati ya vidole maana kidole kinahisi kitu ambacho jicho halioni, naipaka grisi ya silikoni kidogo tu ing'ae, narudisha. Na ikishaingia maji usiifungue imeelekea usoni, betri ya lithiamu ikilowa inaweza kutoa gesi ikabana humo ndani.

Tochi mpya yoyote kabla sijashuka nayo naijaribu kihuni: natoa betri, naweka kipande cha tishu ndani, nafunga, naifunga kamba na jiwe, naizamisha toka kwenye mtumbwi hadi mita 20 nusu saa. Tishu ikitoka kavu ndo tunaanza urafiki.

Swichi chagua ya kusukuma yenye sumaku. Zile za kuzungusha kichwa ndo uwashe nyingine zinategemea oringi hiyo hiyo unayoizungusha ukiwa chini, mimi sina moyo huo.

Tochi moja ni sawa na hakuna, beba mbili, ndogo ikae kifuani imefungwa kamba. Ishara zinajulikana, ukichora mduara chini uko poa, ukipeleka haraka kushoto kulia una shida, na usimmulike mwenzio machoni utamuua bure. Kisu pia, sababu ya nyavu za timba, zile za uzi mwembamba wa plastiki, uzi ule hata kwa tochi nzuri unauona ukiwa umeshakushika. Mamba na viboko waulize wenyeji wa mwalo kabla hujalowa, na kichocho ukapime, siyo siri. Na kumbuka ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, saa ya kuzamia, ile inayokupigia hesabu za kina na muda, iseti kwa mwinuko.

Kitu ambacho Zanzibar hawakunifundisha ni taa za dagaa. Usiku wa giza, mwezi haupo, wavuvi wanatoka wote, upeo mzima unakuwa taa, zamani karabai sasa hivi nyingi ni za sola, ukiangalia unadhani kuna mji mwingine upande wa pili. Unaibuka unapunga tochi yako nyeupe, mzee wa mtumbwi anaona taa 200 nyeupe, ya kwako ni ipi? Mimi nilipunga dakika 15 nikiwa naelea nasikia sauti yake inaita kwingine. Sasa nafunga kitaa cha kijani kwenye mtungi na juu ya mtumbwi tunaning'iniza kingine cha kijani.

Ila ukipatia raha yake ni kubwa. Dagaa wanaufuata mwanga, ukituliza tochi dakika mbili wanaanza kupita ndani ya ule mstari kama sindano zinazomwagwa, na juzi kwenye mawe nilimkuta domodomo anachokonoa tope na lile domo lake, nikapeleka mwanga pembeni kidogo asishtuke, akaendelea na shughuli zake kama sipo.

Ile ya lumeni 10,000 dada yangu kaichukua, iko bandani kwa kuku. Anasema inamulika vizuri sana, tatizo baada ya dakika chache inapata moto inafifia. Nimemwambia aitie kwenye ndoo ya maji.