Jibu: Kuishi kwa historia ya ubunifu Uganda
Ndugu, umeuliza kama mtu anaweza kuishi kwa kufundisha na kuandika historia ya ubunifu, yaani ya jinsi vitu vilivyosanifiwa na kutengenezwa, hapa Uganda. Mtazame Margaret Trowell, mwalimu wa sanaa kutoka Uingereza, aliyeanza kuwafundisha wanafunzi wachache barazani kwake Kampala miaka ya 1930, darasa lililokua hata likawa shule ya sanaa ya Makerere, iliyopewa jina lake. Alisimamia pia Makumbusho ya Uganda, na mwaka 1953, pamoja na mtafiti wa muziki Klaus Wachsmann, alichapisha kitabu kuhusu kazi za mikono za nchi hii. Kazi hiyo ya kurekodi kwa subira ndiyo ninayoithamini zaidi, ingawa macho yake yalikuwa ya mgeni. Kwa hiyo anza kwa kuwahoji mafundi wa lubugo, kitambaa cha gome la mti, kwa lugha yao.