Kwa fundi wa Pongwe: mtambo wa nyuklia na gridi yetu

SWALI: Shikamoo mhandisi. Mimi ni fundi umeme, kijana wa Pongwe hapa Tanga. Kijiweni tunabishana kila siku. Wenzangu wanasema uraniamu tunayo kule Namtumbo, maji ya bahari tunayo, basi Serikali ijenge mtambo mmoja wa nyuklia wa megawati 1,000 hapa pwani, tuagane na mgao. Kitaalamu kinachozuia ni nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kinachozuia kwanza ni gridi yenyewe.

Nilipoanza kazi nilikuwa zamu ya usiku kwenye kiwanda kimoja cha mkonge, kinaendeshwa na jenereta mbili za dizeli zilizofungwa pamoja. Korona, ile mashine ya kusindika majani ya mkonge, imejaa majani, mara jenereta moja ikazimika. Iliyobaki ikaguna, ikatoa moshi mweusi, taa zikawa nyekundu kama makaa. Kabla sijaifikia bodi, breka ikakata na giza likatanda. Ile jenereta ya pili haikuwa na ubovu wowote. Ilitwishwa mzigo wa mwenzake kwa ghafla mno.

Gridi ya taifa ndivyo ilivyo. Masafa, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde, hukaa kwenye hezi 50 kwa sababu umeme unaozalishwa na unaotumika unalingana wakati wote. Mashine kubwa ikitoka, masafa yanaporomoka na relei, yaani vifaa vya kinga vinavyokata umeme vyenyewe, zinaanza kukata mitaa ili kuokoa kilichobaki. Zisipowahi, mitambo mingine nayo inajitoa, mmoja baada ya mwingine.

Ndiyo maana wahandisi hushika kipimo hiki: mashine moja isizidi takribani asilimia 10 ya gridi nzima. Bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115, lakini zimegawanywa kwenye mashine tisa za megawati 235. Megawati 1,000 kwenye mashine moja zinataka gridi ya megawati 10,000 hivi, na mahitaji yetu ya jioni yanazunguka megawati 2,000. Usiku wa manane ni pungufu zaidi. Laini ya kilovolti 400 inayotuunganisha na Kenya inasaidia, maana gridi zilizoungana hubebana, ila pengo bado ni kubwa.

Kuna upande wa pili ambao kijiweni hausemwi, nao ndio unaonipa wasiwasi zaidi. Mtambo wa nyuklia wenyewe unaihitaji gridi. Kinu, yaani ile sehemu inayotoa joto la nyuklia, kikizimwa hakipoi papo hapo. Sekunde zile za kwanza bado kinatoa joto la asilimia 6 hivi ya nguvu yake, na kwa kinu cha megawati 3,000 za joto, ndicho cha kutoa megawati 1,000 hivi za umeme, hizo ni karibu megawati 200. Vituo vyetu vya umeme wa maji vya Hale na Pangani Falls, vyote viwili, havifikishi megawati 90! Joto hilo liondolewe na pampu, na pampu zinataka umeme. Kwenye mtambo wa nyuklia wa Fukushima, Japani, Machi 2011, tetemeko lilikata umeme wa gridi, kisha tsunami ikazamisha jenereta za akiba. Vinu vilikuwa vimeshazimwa, na bado viliyeyuka. Kwa hiyo gridi inayokatikakatika ni suala la usalama wa watu.

Uraniamu ya Namtumbo isiwashughulishe sana. Ikichimbwa, kwa vinu vingi bado inatakiwa kurutubishwa, kutoka asilimia 0.7 ya aina inayowaka hadi 3 au 5, na kiwanda cha kazi hiyo hatuna. Bahari ipo kweli, lakini mtambo wa ukubwa huo ukipozwa kwa maji ya bahari moja kwa moja hunyonya kama mita za ujazo 50 kila sekunde na kuyarudisha yakiwa na joto zaidi kwa nyuzi 10 hivi. Waulizeni wavuvi wa matumbawe kwanza.

Vinu vidogo, visivyozidi megawati 300, ndivyo vinavyoweza kutufaa. Urusi wanavyo viwili vya megawati 35 kila kimoja, juu ya chombo kilichotia nanga kwenye bandari ya Pevek, vinafanya kazi tangu 2020. Hata hivyo, Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki linakadiria miaka 10 hadi 15 kutoka nchi inapoanza kufikiria hadi umeme wa kwanza. Wewe ni kijana, muda huo unakutosha. Jifunze relei za kinga na namna ya kuzipanga. Kazi hiyo ipo Tanga leo, nyuklia ije au isije.