Mpeleke, lakini rafiki zake waache

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza kama ni busara kumpeleka mkeo kwenye mkahawa wa Kiasia siku yake ya kuzaliwa ilhali wewe vijiti vya kulia hujawahi kuvishika, kama uwaalike rafiki zake kwa siri, na kama nami nije.

Mpeleke. Ila ukisema "wa Kiasia" bado hujasema kitu. Wachina, Wajapani, Wathai na Wakorea kila mmoja ana jiko lake. Anayetamani tom yum ya Kithai, ile supu ya pilipili, ndimu na mchaichai, ukimketisha mbele ya samaki mbichi wa Kijapani atakula kwa adabu tu. Mchokoze kwa maneno wiki hii ujue hasa anachokitamani.

Vijiti visikunyime usingizi. Wathai wenyewe hula wali wao kwa kijiko na uma, vijiti ni vya tambi. Sushi, vile vitonge vya wali na samaki, hata Japani huliwa kwa mkono bila aibu. Na kwingineko omba uma, mhudumu ameshawaona wengi kama wewe. Kosa la kuliepuka ni kuvichomeka vijiti wima kwenye bakuli la wali. Kwa Wachina na Wajapani hiyo ni picha ya matanga, na mkeo siku hiyo anazaliwa.

Mkiangukia kwa Wachina, msiagize kila mtu sahani yake. Vyakula huwekwa katikati, mkachota pamoja. Kwa watu wawili, vyakula viwili vitatu na wali vinatosha: kimoja cha mchuzi, kimoja kikavu, na mboga za majani. Unapoweka nafasi, uliza kama wanapika tambi za maisha marefu, ambazo Wachina humpa anayesherehekea kuzaliwa. Huachwa ndefu, hazikatwi, maana urefu wake ndio dua yenyewe. Wakorea nao wana supu ya mwani. Mama aliyejifungua hunyweshwa hiyo, na mtoto naye huinywa kila siku yake ya kuzaliwa inaporudi. Hiyo nimeipenda, wala sihitaji kukueleza kwa nini.

Jambo moja usilifanyie mzaha. Kama kuna kitu kinamdhuru, kitaje mapema, kabla hamjakaa mezani. Mchuzi wa samaki na kamba waliosagwa hujificha hata ndani ya sahani ya mboga, karanga vilevile. Kama kuna nyama asiyoila, uliza pia mafuta wanayokaangia.

Rafiki zake waache. Mkamwana wangu ninavyomjua, akiingia akakuta meza nzima inampigia makofi, usiku wote atautumia kuwahudumia wageni kwa tabasamu, arudi nyumbani amechoka na njaa yake palepale. Akitaka watu, atasema mwenyewe, na hapo utawaalika mchana kweupe. Menyu isome nyumbani, simu iache mfukoni, msikilize. Hata wimbo wa wahudumu na mshumaa wao, muulize kwanza. Wapo wanaoupenda, wapo wanaotamani ardhi ipasuke.

Mimi siji. Nitampigia asubuhi, kabla yako ukizubaa, nimpe hongera zake. Kesho yake mletee chakula kilichobaki, na usikile wewe.

Mama yako